Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kupiga kura Thailand na masharti ya siku za uchaguzi

Majibu haya yanafuata Katiba ya Thailand ya 2017 na sheria ya uchaguzi wa wabunge ya 2018, na mifano mingi ni ya uchaguzi mkuu wa 14 Mei 2023. Tarehe, rangi za karatasi na namba za vyama hutangazwa upya kila uchaguzi, kwa hiyo hizo zichukue kama mfano tu. Kura inaweza kupotea hata pale ambapo hakuna aliyeiba: namba zimechanganywa, alama imewekwa sivyo, jina liko mkoa mwingine. Ndiyo maana tumeingia kwenye mambo madogo madogo.

Nani anaruhusiwa kupiga kura?

Raia wa Thailand aliyetimiza miaka 18 siku ya uchaguzi, ambaye jina lake limekaa kwenye daftari la nyumba ndani ya jimbo husika kwa siku zisizopungua 90. Aliyepata uraia kwa kuomba anasubiri miaka 5. Wanaozuiwa ni waliofungiwa haki hiyo kisheria, wanaoshikiliwa kwa amri halali, wenye maradhi ya akili, pamoja na watawa.

Hili la watawa huwashangaza wageni wengi. Mtawa wa Kibudha hapigi kura, hata yule kijana anayesoma utawani, wala hawana haja ya kueleza sababu. Thailand wanaume wengi huingia utawani kwa muda tu, wiki chache au msimu mmoja wa mvua, kisha hurudi nyumbani. Kinachoangaliwa ni hali yake siku ya uchaguzi: akiwa bado amevaa joho la utawa, hana kura, akiwa ameshalivua, anapiga kama raia mwingine.

Daftari la nyumba ni kitu gani, na kwa nini kila mtu analitaja?

Kwa Kithai ni *tabien ban*, kijitabu chenye jalada la bluu. Kila nyumba ina chake, na ndani yake kila mkazi ameandikwa jina na namba yake ya kitambulisho yenye tarakimu 13. Kenya na Tanzania mtu hupanga foleni kujiandikisha kuwa mpiga kura. Thailand hakuna foleni hiyo. Orodha ya wapiga kura inachotwa moja kwa moja kutoka kwenye madaftari ya nyumba, na jina lako lilipo ndipo kura yako ilipo.

Shida inaanzia hapo. Mfanyakazi wa kiwandani au dereva wa teksi anaweza kuishi Bangkok miaka 15 huku jina lake likiwa bado kwa wazazi wake Ubon Ratchathani, zaidi ya kilomita 600 kutoka hapo. Amepanga chumba, na wenye nyumba wengi hawapendi kuingiza majina ya wapangaji kwenye daftari lao. Basi kura yake inabaki kijijini. Kila karibu na uchaguzi, kituo cha mabasi cha Mo Chit hufurika watu wanaorudi kaskazini na kaskazini-mashariki.

Anayetaka kuhamisha jina huenda ofisi ya wilaya. Ahesabu siku zake vizuri, kwani akihama zikiwa zimebaki chini ya 90 bado ni mpiga kura wa jimbo la zamani. Na mwenye nyumba asiache kukagua orodha inapobandikwa. Akikuta jina la mtu asiyeishi kwake, aombe lifutwe. Akikuta la mwanawe limerukwa, aombe liongezwe. Maombi hayo yafike siku 10 kabla ya uchaguzi au mapema zaidi.

Kuna pia daftari lenye jalada la njano kwa wageni wakazi. Hilo halina kura ndani yake.

Siwezi kusafiri kurudi kwetu. Nifanyeje?

Unaomba kura ya mapema nje ya jimbo. Mwaka 2023 maombi yalipokelewa kuanzia 25 Machi hadi 9 Aprili, na kura yenyewe ikapigwa Jumapili ya 7 Mei, wiki moja kabla ya uchaguzi. Ukishajiandikisha kwa kura ya mapema, siku ya uchaguzi wenyewe huna tena nafasi, hata ukifika kwenu mwenyewe.

Utaratibu ni huu. Unafika kituo ulichochagua, unaonyesha kitambulisho, unapewa karatasi za kura pamoja na bahasha. Unaweka alama, unakunja, unatia karatasi kwenye bahasha, inafungwa mbele yako na kutumbukizwa sandukuni. Posta inazisafirisha bahasha hadi jimbo la kila mpiga kura, na zinahesabiwa huko baada ya saa 11 jioni siku ya uchaguzi mkuu, pamoja na kura nyingine.

Mahali pa kukaza macho ni juu ya bahasha. Pameandikwa mkoa, namba ya jimbo na namba ya msimbo ya jimbo hilo. Mwaka 2023 palitokea malalamiko mengi ya bahasha zilizoandikwa namba isiyo sahihi au kuachwa wazi, na bahasha ya namna hiyo inaweza kupelekwa jimbo lisilo lako. Nenda ukiwa umeiandika namba yako mwenyewe kwenye kipande cha karatasi, linganisha kabla bahasha haijaondoka mkononi mwako, na ukiona kosa sema pale pale. Ikishaingia sandukuni hakuna wa kuitoa.

Je, kupiga kura ni lazima?

Ndiyo, Katiba inakuhesabu kuwa wajibu wa raia. Lakini asiyepiga hatozwi faini wala hapelekwi jela. Asipotoa sababu, anapoteza haki kadhaa za kisiasa kwa miaka 2: hawezi kuwasilisha pingamizi la uchaguzi, kugombea ubunge au nafasi za serikali za mitaa, kugombea ukuu wa kijiji au wa tarafa (*kamnan*), wala kushika baadhi ya vyeo vya kisiasa. Haki ya kupiga kura yenyewe inabaki, na uchaguzi ujao anaenda kama kawaida.

Sababu hutolewa ndani ya siku 7 kabla ya uchaguzi au siku 7 baada yake. Mwaka 2023 ilikuwa tarehe 7 hadi 13 Mei na 15 hadi 21 Mei. Ugonjwa, ulemavu, uzee, kuwa nje ya nchi, shughuli ya dharura, au kuishi zaidi ya kilomita 100 kutoka kituoni ni sababu zinazokubalika. Fomu inapelekwa kwa mkono, kwa mtu uliyemtuma, kwa posta au kwa njia ya mtandao. Wengi hudharau jambo hili mpaka siku mtu anapotaka kugombea ukuu wa kijiji na kuambiwa jina lake lina doa.

Nichukue kitambulisho gani?

Kitambulisho cha taifa, hata kama muda wake umekwisha. Leseni ya udereva, pasipoti au kitambulisho kingine cha serikali chenye picha na zile tarakimu 13 vinakubalika pia. Tangu 2023 unaweza kuonyesha kitambulisho cha kidijitali kwenye programu ya ThaID. Usitegemee programu peke yake: simu ikizima chaji, kura yako imezima nayo.

Nikifika kituoni inakuwaje?

Vituo hufunguliwa saa 2 asubuhi na kufungwa saa 11 jioni. Vingi viko shuleni, kwenye viwanja vya mahekalu, au chini ya turubai lililotandazwa kando ya barabara. Kabla ya kuanza, sanduku tupu huonyeshwa kwa waliohudhuria, kisha hufungwa.

Anza ubaoni nje. Tafuta jina lako na ushike namba yako ya mfululizo, maana ukiitaja karani hukupata kwa sekunde chache. Toa kitambulisho. Karani anasoma jina kwa sauti ili mawakala wa vyama wasikie na wapinge kama wana la kupinga. Unatia sahihi kwenye orodha, halafu tena kwenye kishina cha karatasi ya kura. Asiyeweza kusaini anaweka dole gumba. Unapewa karatasi mbili, unaingia kwenye kituturi, unaweka alama, unakunja, na unatumbukiza mwenyewe kila karatasi kwenye sanduku lake. Kidole hakichovywi wino. Mtu aliyezoea Afrika Mashariki hutoka akikitazama kidole chake na kujiuliza kama kweli amepiga kura.

Mwenye ulemavu au mzee anaweza kusaidiwa, na kuna vibao vya nukta nundu kwa wasioona.

Kwa nini watu hulalamika kuhusu namba?

Kwa sababu mwaka 2023 karatasi zilikuwa mbili na namba hazikufanana. Ya zambarau ilikuwa ya mbunge wa jimbo, viti 400. Ya kijani ilikuwa ya orodha ya chama, viti 100. Chama kilipewa namba moja kwa nchi nzima: Move Forward ilikuwa 31, Pheu Thai 29, Bhumjaithai 7. Lakini mgombea wa jimbo alipata namba yake pale jimboni, kwa kufika mapema au kwa kura ya bahati, kwa hiyo mgombea wa chama kilekile angeweza kuwa 2 hapa na 9 jimbo la jirani.

Isitoshe, karatasi ya jimbo ilikuwa na namba tupu, bila jina la mtu, bila nembo ya chama. Fikiria bibi wa miaka 75 aliyeambiwa na wajukuu "piga 29". Anafungua karatasi ya zambarau, namba zinaishia 11, na 29 haimo. Akichagua namba ya kubahatisha, amempa kura mtu asiyemjua.

Dawa yake ni kukariri namba mbili na kuzioanisha na rangi. Orodha ya wagombea wa jimbo hubandikwa kituoni ikiwa na picha, majina na vyama. Simama hapo dakika moja kabla ya kuingia. Kwa maoni yetu karatasi yenye jina na nembo ingeokoa kura nyingi, na ni haki ya mpiga kura kujua anamchagua nani bila kufanya mtihani wa kumbukumbu.

Alama sahihi ni ipi?

Msalaba wa mistari miwili, X, ambao Wathai huuita *kakabat*. Alama ya vema haikubaliki. Nyota, moyo, duara, maandishi, namba iliyopigiwa mstari, vyote vinaiharibu kura. Kinachotazamwa ni pale mistari inapokutana: ikikutana ndani ya chumba, kura ni nzuri hata kama ncha zimetoka nje kidogo. Ukiweka X kwenye vyumba viwili, imeharibika.

Kila uchaguzi pia wapo wanaochana karatasi bila kukusudia, hasa wazee wanaodhani mkunjo ule ni wa kukatia. Kuchana karatasi ya kura ni kosa la jinai. Mwambie mzee wako kabla hajaondoka nyumbani: karatasi inakunjwa tu.

Nikiwa simtaki mgombea yeyote?

Chini ya karatasi kuna chumba cha kutomchagua yeyote. Weka X pale, kura yako ni halali na inahesabiwa peke yake. Ina nguvu pia: jimbo ambalo hakuna mgombea aliyeishinda kura hiyo hurudia uchaguzi, na wagombea wale hawaruhusiwi kurudi. Kuacha karatasi tupu hakuna nguvu hiyo.

Simu, fulana na picha?

Piga picha nje ya kituo upendavyo. Kupiga picha karatasi yako ikiwa na alama ni marufuku, kwa sababu picha hiyo ndiyo risiti anayoidai mnunuzi wa kura. Nguo ya rangi fulani si kosa. Yenye namba, jina au nembo ya chama inaweza kuhesabiwa kuwa kampeni.

Ni kweli pombe inapigwa marufuku hata kwa watalii?

Kweli. Kuanzia saa 12 jioni ya siku ya kuamkia uchaguzi mpaka saa 12 jioni ya siku yenyewe, ni marufuku kuuza, kugawa au kuandaa karamu ya pombe. Mwaka 2023 marufuku ilitoka Jumamosi 13 Mei hadi Jumapili 14 Mei, na wiki moja kabla ilishakuwapo kwa ajili ya kura ya mapema. Adhabu ni kifungo kisichozidi miezi 6, au faini isiyozidi baht 10,000, au vyote viwili.

Sheria haibagui mteja. Mfanyabiashara aliyetoka Dar es Salaam au Nairobi kununua nguo Pratunam, au aliyefika Chanthaburi kwa soko la vito, atakuta friji za bia madukani zimefunikwa na baa nyingi zimefungwa. Usimbembeleze muuzaji akumiminie kwenye kikombe cha chai, kwani anayehatarisha kifungo ni yeye. Unywaji wa chumbani kwako, kwa pombe uliyonunua mapema, si huo unaolengwa na kifungu hiki. Kugawia wenzako karamuni ndiko kunakolengwa. Sababu yake ni kwamba pombe ya bure ilikuwa hongo rahisi kuliko zote, na ulevi kituoni huzaa ugomvi.

Mgeni ajue na hili: asiye raia haruhusiwi kushiriki kampeni. Kuwasindikiza wenyeji wako kituoni hakuna ubaya. Kugawa vipeperushi vyao kuna ubaya mkubwa.

Kampeni inakoma lini?

Saa ileile ya 12 jioni, siku ya kuamkia uchaguzi, na inahusu mitandao pia. Chapisho lililowekwa kabla linaweza kubaki. Kulisambaza upya usiku ule, au kuandika "kesho tukampigie namba fulani", ni kampeni. Kura za maoni za utafiti hazitangazwi ndani ya siku 7 za mwisho mpaka vituo vifungwe. Kubeti juu ya matokeo ni kosa, na mgombea kuwakodia watu gari la bure la kwenda kituoni ni kosa pia.

"Usiku wa mbwa kubweka" ni usiku gani?

Ni usiku wa kuamkia uchaguzi, *khuen ma hon*. Wapambe wa wagombea, *hua khanaen*, hupita nyumba hadi nyumba gizani wakigawa pesa, na mbwa wa kijiji hubweka kila wanapopita. Mpambe huyo kwa kawaida si mtu wa kuja. Ni mtu wa pale pale, mwenye duka au ndugu wa mkuu wa kijiji, anayejua kila nyumba ina kura ngapi kwa kuwa anajua daftari lina majina mangapi. Kumkataa kunamaanisha kumkataa jirani utakayehitaji msaada wake msimu wa mavuno, na hapo ndipo ugumu ulipo.

Kisheria, kununua kura kunaweza kumfikisha mtu kifungo cha mwaka 1 hadi 10, na anayepokea naye ana kosa. Ukishikishwa pesa, usiitumie. Itie kwenye mfuko, andika saa na mahali, kisha wasiliana na Tume ya Uchaguzi, ambayo Wathai huiita kwa ufupi *Ko Ko To*. Na aliyeogopa kukataa akumbuke kwamba kituturi hakina shahidi. Hakuna anayeweza kuona X yake imekaa wapi, ilimradi hakuna picha.

Mgombea anaweza kuchangia msiba au harusi?

Kuhudhuria anaweza. Kutoa pesa au zawadi kipindi cha uchaguzi hawezi. Bunge likimaliza muda wake wote, masharti huanza siku 180 kabla. Likivunjwa, huanza siku ya kuvunjwa. Mwaka 2023, kwa kuwa Bunge lilivunjwa 20 Machi, mgombea wa jimbo aliwekewa kikomo cha matumizi cha baht milioni 1.9 na chama baht milioni 44. Wafiwa wasimwone mbunge wao mchoyo.

Kura zinahesabiwa wapi, na naweza kutazama?

Pale pale kituoni, vituo vikifungwa tu, na mtu yeyote anaweza kutazama. Nenda. Karani mmoja anafungua karatasi, anaiinua juu ikiwa imeelekezwa kwa watazamaji, na kuisoma: *di* kama ni nzuri, *sia* kama imeharibika, kisha namba. Mwenzake ubaoni anaitikia na kuchora kijiti. Vijiti vinne vilivyosimama, cha tano kinavikata. Masikio yako na macho yako yafanye kazi pamoja: namba iliyosomwa ndiyo iliyo kwenye karatasi? Kijiti kimechorwa kwenye mstari wake? Ukiona kosa, nyanyua mkono na upinge papo hapo, kwa adabu.

Mwisho hubandikwa fomu ya matokeo, S.S. 5/18. Ipige picha, maana hii si marufuku. Kagua kwamba kura nzuri, zilizoharibika na za kutomchagua yeyote zikijumlishwa zinalingana na karatasi zilizotumika. Wananchi wa kujitolea hukusanya picha hizi nchi nzima ili kulinganisha na takwimu za Tume.

Kwa nini matokeo rasmi huchelewa?

Tume ina hadi siku 60 za kuthibitisha, na Bunge haliketi mpaka angalau asilimia 95 ya viti vithibitishwe. Mwaka 2023 ilithibitisha 19 Juni. Kushinda viti vingi nako si kupata waziri mkuu: Move Forward iliongoza kwa viti 151, lakini 13 Julai, katika kura ya kumchagua waziri mkuu, kiongozi wake Pita Limjaroenrat alipata kura 324 tu, pungufu ya nusu ya Bunge na Seneti zikiwa zimeketi pamoja. Maseneta 250 wasiochaguliwa na wananchi walikuwa na kura katika jambo hilo. Mamlaka hayo yalikoma mwaka 2024.

Wathai walio nje ya nchi?

Wanajiandikisha kupitia ubalozi, kwa mfano ule wa Nairobi, na kupiga ubalozini au kwa posta kadiri ubalozi ulivyopanga. Kura zao lazima zifike nyumbani kabla hesabu haijaanza. Mwaka 2019 kura 1,542 kutoka New Zealand zilichelewa kufikishwa na hazikuhesabiwa, ingawa waliozipiga walifanya kila kitu kwa wakati. Anayetumia posta asingoje siku ya mwisho.

Uchaguzi wa serikali za mitaa una tofauti?

Una tatu za kukumbuka. Jina liwe limekaa kwenye daftari la eneo hilo mwaka mzima, si siku 90. Hakuna kura ya mapema kabisa, kwa hiyo aliye Bangkok asafiri au atoe sababu. Na siku inaweza isiwe Jumapili: uchaguzi wa mabaraza ya mikoa wa 1 Februari 2025 ulifanyika Jumamosi, siku ya kazi kwa wafanyakazi wengi wa viwandani. Mwajiri haruhusiwi kumzuia mfanyakazi kwenda kupiga kura. Mwombe ruhusa mapema, na ikiwezekana kwa maandishi.

Mabango yanaruhusiwa ukubwa gani, na baadaye yanakwenda wapi?

Tangazo la karatasi lisizidi sentimita 30 kwa 42, na bango sentimita 130 kwa 245, likiwa na jina na anwani ya aliyelichapisha. Likiziba njia ya waenda kwa miguu au macho ya madereva, toa taarifa ofisi ya wilaya. Usiling'oe mwenyewe. Uchaguzi ukiisha, turubai zile za plastiki hugeuzwa mifuko, aproni na vifuniko vya mabanda ya kuku.